Mlaza Miguu wa Naviundu

Ukikutana na Christiane Mujinga barabarani atakusalimia vizuri, atakuuliza habari za watoto na za ule ukuta wako ulioanguka wakati wa mvua, lakini macho yake hayatakuwa usoni pako. Yatakuwa miguuni. Anaangalia unavyokanyaga, kama unaegemea upande mmoja, kama kisigino cha kiatu kimelika zaidi kushoto au kulia. Wasiomjua hudhani anawacheka viatu. Wanaomjua hupandisha suruali kidogo, aone vizuri, yaishe.

Christiane ni muuguzi wa ganzi katika hospitali moja upande wa Naviundu, hospitali ya kawaida tu, yenye vitanda arobaini na jenereta yenye kiburi. Daktari hupasua, Christiane ndiye anayemlaza mgonjwa kabla ya kisu, anayechunga pumzi yake, na anayemwamsha kazi ikiisha. Ana miaka hamsini na minne, na ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia akiwa amesimama kichwani pa watu waliolala. Ni mfupi, ana mwili kiasi, na anapenda kusema. Tuseme ukweli: anasema mno. Wapo wanaodai kwamba wagonjwa wake wengine husinzia hata kabla ya dawa, kwa kuchoka kumsikiliza. Hao ni watu wa wivu. Mimi ninayesimulia sijaona Lubumbashi nzima mikono iliyotulia kama yake.

Mikono hiyo aliipata kwa baba. Mzee wake alikuja kutoka Kasai akiwa kijana, akafungua kibanda cha kutengeneza redio kule Kamalondo, na Christiane, binti wa tatu, ndiye aliyekuwa akikaa naye pale baada ya masomo. Mzee alikuwa mkali juu ya jambo moja: usizime umeme wa nyumba nzima kwa sababu ya waya mmoja. Utafute ule waya wenyewe, uujue unapita wapi, uushike huo tu. Binti alipoingia shule ya uuguzi, mzee alisikitika kidogo kupoteza msaidizi, kisha akamezea.

Miaka mingi baadaye, Christiane akiwa tayari mama wa watoto wanne, daktari mmoja wa ganzi alikuja kutoka Kinshasa kufundisha kwa wiki mbili. Somo lilikuwa la madaktari. Christiane aliingia bila kualikwa, akakaa nyuma, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumtoa. Mwalimu yule alieleza kwamba mguu, kuanzia kifundo kwenda chini, unapata fahamu zake kupitia mishipa mitano tu. Ukimweka mgonjwa dawa ya ganzi kando ya mishipa hiyo mitano, mguu utalala peke yake kwa muda wa saa kumi na mbili, hata kumi na nane, wakati mwenye mguu yuko macho na anaongea. Kazi ya kisu itakwisha, ganzi ya mgongoni itakwisha, na mguu bado utakuwa umelala, usijue kilichoupata. Madaktari waliandika kwenye madaftari. Christiane hakuandika kitu. Alikuwa anawaza waya wa baba yake.

Basi tangu siku hiyo hakuna kifundo cha mguu kilichosalimika. Mashine ya kuonyesha mishipa ndani ya mwili hospitali haikuwa nayo, kwa hiyo ilimbidi vidole vyake vijue njia. Ule mshipa mkubwa wa fahamu unaopita nyuma ya kifundo cha ndani unalala karibu na mshipa wa damu; ukisikia damu inapiga, uko jirani. Christiane alitafuta mapigo hayo kwenye miguu ya wauguzi wenzake wakati wa chakula, kwenye miguu ya mlinzi wa lango, kwenye miguu ya padri aliyekuja kuwaombea wagonjwa. Mume wake, Ruphin, mwalimu wa hesabu na mtu wa subira kubwa, alizoea kutazama mpira huku mguu wake uko mapajani pa mkewe. Jumapili moja alienda misa na viatu vya wazi, akasahau kwamba mguu wake wa kuume umechorwa mistari mitano ya kalamu ya buluu. Watu wa kwaya walimtania mwaka mzima.

Alianza na vidole vya miguu vilivyooza kwa sukari, na vidonda vya kusafisha. Huvuta bomba la sindano kwanza, aone kama damu inarudi, kwa sababu dawa hiyo ikiingia kwenye damu moyo unaweza kusimama. Kisha husukuma polepole, kidogo kidogo, huku akimuuliza mgonjwa majina ya watoto wake wote. Halafu hungoja dakika ishirini, apitishe pamba yenye spiriti: unasikia baridi hapa? Na hapa? Mgonjwa akisema hasikii, Christiane hutikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyefunga mlango vizuri. Alilaza miguu zaidi ya arobaini kwa namna hiyo, na hakuna hata mmoja uliomletea aibu.

Kisha akaja Docteur Émile.

Docteur Émile ni mpasuaji hodari, hilo halina ubishi, na alipopewa kuongoza hospitali miaka mitatu iliyopita aliikuta imelegea, akaikaza. Lakini ile ganzi ya kifundo hakuitaka. Alisema inakula muda, na wagonjwa wengine wanasubiri. Alisema vilevile, na hapa hakuwa mjinga, kwamba maumivu ndiyo yanayomwambia kama bandeji inabana au kama mguu unavimba vibaya. Mguu uliolala haumwiti daktari. Akaisimamisha. Christiane alibishana naye hadi koo likamkauka, kisha akarudi kwenye sindano za mgongo na vidonge vya paracétamol, akifanya kazi yake vizuri bila furaha. Nyumbani Ruphin alipata mguu wake bure jioni zote, na hakuupenda uhuru huo.

Mambo yalibaki hivyo mpaka siku Christiane alipokwenda kununua samaki.

Dorine Chama, ambaye wote wanamwita Mama Kiki kwa jina la mtoto wake wa kwanza, anauza samaki wa Kasenga katika soko dogo la Naviundu. Ni mtu wa Luapula, anawajua samaki mmoja mmoja, na ni kazi ya kusimama tangu asubuhi. Mwaka uliotangulia pikipiki ya abiria ilimgonga, mguu wa kushoto ukavunjika chini ya kifundo, katikati ya wayo, Docteur Émile akaufungua na kuutia vyuma. Upasuaji ulikwenda vizuri. Yaliyofuata hayakwenda vizuri: ganzi ya mgongo ilipoisha, Mama Kiki alilia siku tatu. Si kulia kwa kutaka huruma, ni kulia kwa mtu asiyejua tena jina lake. Wagonjwa wengine waliomba wahamishwe chumba. Na baada ya yote hayo mfupa ulikataa kuunga. Parafujo moja ilikuwa imelegea na sasa anatembelea upande wa mguu, meza yake ya samaki ikiwa ndiyo fimbo yake.

Christiane aliona haya yote kabla hata ya kuuliza bei. Alimwambia mguu huo lazima ufunguliwe tena, na mapema, kwani ukiachwa utapinda na hautanyooka. Mama Kiki aliendelea kugeuza samaki.

“Kule kwenu sirudie tena, mama. Afazali nitembee na fimbo mpaka siku ya kufa.”

“Na kama muguu inalala mpaka kesho yake? Banapasua, banashona, unakula bukari yako, na weye hausikie kintu.”

“Na kama ni bongo, unanidanganya tu?”

“Kama ni bongo, mi njo nitauzisha hii samaki yako yote, na weye utakaa ku kiti unanicheka.”

Mama Kiki alicheka kidogo, kisha akauangalia mguu wake uliovimba ndani ya kandambili. Mwishowe alisema ataenda, ila kwa sharti moja: awe ni Mama Christiane mwenyewe wa kuulaza. Kama si yeye, atarudi sokoni.

Sharti hilo Christiane alilibeba moja kwa moja hadi ofisini kwa Docteur Émile. Naye, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa anamtumia Mama Kiki ujumbe arudi na hapati jibu, alikuna kidevu. Kumwacha yule mama alemae hakutaka. Kushindwa na muuguzi wake hakutaka pia. Akachagua kushindwa nusu.

“Moja tu, Mama Christiane. Huyu, kwa sababu bila weye hakuji. Lakini kukitokea kintu, ata kadogo, njo mwisho. Hautalalisha tena muguu ata moja mu hii nyumba.”

Christiane alikubali. Usimwonee huruma, alikuwa na furaha kama mtu aliyerudishiwa shamba lake.

Siku ya upasuaji alifika mapema kuliko mfagizi. Alimchoma Mama Kiki sindano ya mgongo kwa ajili ya kazi yenyewe, kisha akashuka kwenye kifundo, akatafuta mapigo, akavuta, akasukuma, akauliza majina ya watoto. Mama Kiki ana saba. Kwa majina hayo yote, dawa iliingia polepole vya kutosha. Docteur Émile alitoa vyuma vya zamani, akasafisha mfupa, akaweka vingine. Saa tano mgonjwa alikuwa amerudi kitandani. Saa saba ganzi ya mgongo iliisha na mguu wa kulia ukaanza kucheza. Séphora, muuguzi wa chumba kile, kijana mwenye akili na haya nyingi, alisimama mlangoni akingojea makelele, kwa maana alikuwepo mwaka jana.

Makelele hayakuja. Mama Kiki alikula bukari, ule ugali wa huku, na mboga ya lengalenga, akaomba aongezwe. Alipiga simu sokoni kumwambia dada yake asiwauzie watu samaki wa jana. Alimwita Séphora aje auguse ule mguu, akasema ni kama wa mtu mwingine ameazimwa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walimtazama kwa mashaka, wakaanza kuuliza kama hiyo sindano ipo na ya goti.

Christiane alipanda kumwona mara tatu. Alikagua rangi ya vidole, akaingiza kidole chake chini ya bandeji aone kama haibani, akaandika saa. Aliacha vidonge vya kumeza kabla mguu haujaamka, ili ukiamka usikute nyumba tupu. Na mara zote tatu alimwonya: asitembee. Akitaka kwenda chooni aite. Asijaribu hata hatua moja, kwa sababu mguu hausikii ardhi. Mama Kiki aliitikia mara zote tatu, kwa moyo wote. Saa tisa na nusu Christiane alishuka chumba cha upasuaji kumlaza mtu wa ngiri.

Saa kumi, wakati wa kutembelea wagonjwa, aliingia Mzee Mwape.

Mzee Mwape ni baba wa mume wa Mama Kiki, mkulima wa Lukafu, mtu mrefu mwenye koti la zamani lililopigwa pasi. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri juu ya mifuko ya mahindi, kofia mkononi, kitenge kipya cha mke wa mwanawe kikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Alisimama mlangoni, akakohoa kidogo kama inavyopasa, akatazama pembeni. Kwa watu wao, mke wa mwana haruhusiwi kulala mbele ya baba mkwe. Hamtazami machoni, hali chakula mbele yake, na anapomsalimu anashuka chini, magoti yote mawili, mikono ikipigana makofi polepole. Mama Kiki amefanya hivyo miaka kumi na tisa bila kukosa hata siku moja, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha namna ya kutofanya.

Mwaka jana mzee alipokuja alimkuta akilia, na hakuna anayedai heshima kwa mtu anayelia hivyo. Lakini leo alikuwa mzima. Alikuwa amekula, alikuwa amecheka, mwili haukumwambia lolote. Akavuta shuka, akashusha miguu, akapiga magoti.

Mguu wa kushoto haukujua sakafu iko wapi. Ulipinda chini yake, naye akaanguka ubavu kati ya vitanda viwili, na kwa sababu hakusikia maumivu yoyote alijaribu kuinuka apige magoti tena, akiomba radhi, akicheka kwa aibu. Aliyeona damu inapenya kwenye bandeji ni mzee. Yeye alimwita Séphora, kwa sauti iliyosikika hadi langoni, kisha akageuka akatazama ukuta, maana si vizuri baba mkwe aone mapaja ya mke wa mwanawe, na akabaki hivyo mpaka walipomwinua.

Christiane alipanda ngazi mbio, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Alipofika Mama Kiki alikuwa tayari kitandani, uso umempauka kwa hofu ya kugombezwa.

“Si nilikuambia haupashwe kutembea?”

“Mama, sikutembea. Nilipiga tu magoti.”

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, Christiane Mujinga aliketi ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa akiwa kazini.

Ilikuwa kweli tupu. Alimwambia asitembee, naye hakutembea. Kilichomuuma Christiane ni kwamba hakuwa na kisingizio cha kutojua. Yeye mwenyewe ni mwana wa watu wa Kasai, ana wakwe. Aliwahi kuinuka kitandani na malaria kali kwenda kumpokea baba yake Ruphin, akazirai na sinia mkononi. Desturi hiyo aliijua kwa mwili wake. Ila kila asubuhi, akivaa koti jeupe, aliiacha nje ya lango kama kitu kisichohusu kazi. Miaka yote maumivu yalikuwa yanawafunga wagonjwa kitandani na kuwapa ruhusa ya kulala mbele ya wakubwa. Yeye aliyaondoa maumivu, akaondoa na ruhusa, wala hakuweka kitu mahali pake.

Docteur Émile alikuja, akafungua bandeji. Picha ilionyesha vyuma vimeshika, mfupa haukusogea. Nyuzi tatu zilikuwa zimekatika na kidonda kimeachia. Alikishona upya palepale katika chumba cha vidonda, na hakuhitaji dawa nyingine, kwa sababu mguu ulikuwa bado umelala. Alipomaliza alivua glavu, akamwambia Christiane wataongea kesho kwenye mkutano wa asubuhi. Sauti yake haikuwa na hasira. Hilo lilimtisha Christiane kuliko hasira.

Séphora, kwa kumpenda, alimnong'oneza njia ya kutokea. Kwenye ripoti aandike tu kwamba mgonjwa alikatazwa kushuka kitandani na hakutii. Shahidi angekuwa yeye, na Mama Kiki mwenyewe asingebisha. Kila mtu angelala salama, na ganzi ingepona. Christiane alimshukuru, akaketi, akachukua kalamu. Aliandika hivi: mgonjwa alifuata yote aliyoambiwa, mimi sikumwambia yaliyotosha, kosa si la dawa wala la mgonjwa. Akatia sahihi. Alijua vizuri anachokisaini.

Kisha alikwenda kumtafuta mzee. Alimkuta kwenye benchi la lango, amevaa kofia, tayari kurudi Lukafu na asikanyage tena mjini, kwa kuwa aliamini ni yeye aliyemvunja mguu mke wa mwanawe. Christiane alimsalimu kwa magoti, ndiyo, na koti jeupe na yote, na akabaki chini huku akieleza. Alimwambia kosa ni lake. Alimwambia mgonjwa atakaa wiki sita bila kukanyaga, na watakuja wakwe wengine, mashemeji, wakubwa wa ukoo, na mguu hautavumilia kupiga magoti tena. Akamuuliza: kwenu, mke wa mwana anafunguliwaje?

Mzee alifikiri sana. Alisema kuna mambo yanayofunguliwa kwa kitu, na mwenye kufungua ni mkubwa, si mtoto. Akachukua mfuko wake, akamfuata Christiane hadi mlango wa chumba. Hakuingia. Alitoa kile kitenge kipya, akampa Séphora, akamwomba amtandikie mgonjwa kuanzia kiunoni hadi vidoleni. Mama Kiki alikuwa ameshaanza kujiinua kwa viwiko.

“Lala, mwana wangu,” mzee alisema, akitazama kando. “Ni mi mwenyewe njo nasema. Nimekufunika. Muntu akiuliza, umuambie ni Mwape alikatala usipige magoti.”

Mama Kiki alilala. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, ya kwanza siku ile nzima, na hakuwa anaumwa popote. Christiane aliyekuwa amesimama kati yao alilia pia, kwa sauti, bila kujificha. Mzee tu ndiye hakulia, ila aliomba maji ya kunywa mara mbili.

Asubuhi mguu uliamka. Christiane alikuwa kitandani pale jua linachomoza, akashika kidole gumba cha mguu, akauliza. Mama Kiki alisema sasa anasikia. Inauma, lakini ni maumivu ya kukaa nayo, si ya kukimbia. Vidonge vilikuwa vimetangulia. Alikuwa amelala usiku kucha, na alitaka kujua kama chai ina sukari.

Katika mkutano Docteur Émile aliisoma ripoti mbele ya wote, mstari kwa mstari. Alipofika mwisho aliiweka mezani na kuuliza kama Mama Christiane ana la kuongeza. Christiane alisema analo moja: kuanzia sasa, kabla ya kulaza mguu wowote, atamuuliza mgonjwa ni nani atakayekuja kumwona ambaye hawezi kumsalimu amelala, na mtu huyo ataitwa siku moja kabla, atoe ruhusa kwa mdomo wake. Lakini, aliongeza, anajua makubaliano yalikuwa nini, na hatabishana. Wote walikodoa macho, kwa maana Christiane asiyebishana walikuwa hawajamwona. Yeye aliangalia mikono yake juu ya mapaja, akijiandaa kuirudisha kwenye sindano za mgongo tu, hadi siku ya kustaafu.

Docteur Émile alikuwa anatazama meza.

“Mwaka ulipita huyu mama alilia siku tatu. Bureau yangu ya kazi iko chini ya chumba yake, na ilikuwa mwezi wa kumi, na ile joto yote. Mi nilifunga dirisha. Jana nilimushona bila kumuongeza dawa. Alikuwa ananiuliza tu kama mukwe wake amekula.”

Docteur Émile alivuta karatasi ya kazi za siku iliyofuata, ambamo kulikuwa na miguu miwili, mmoja wa mchimbaji na mmoja wa mwanafunzi, na mbele ya kila mmoja akaandika jina la Christiane.